Watatu Nje, Wawili Ndani

Katika nyumba ile viazi viliteswa kabla ya kuliwa. Vilimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikalowekwa kwenye beseni tangu asubuhi. Maji yakamwagwa, yakatiwa mengine, nayo yakamwagwa, ndipo vikachemshwa kwa maji ambayo nayo hayakuonjwa na mtu. Kilichobaki kilikuwa kiazi kwa jina tu. Aliyeifanya kazi hiyo ni binti wa nyumba, fundi cherehani, mwanamke mzima mwenye wateja wake na cherehani yake dirishani pa sebule. Figo za baba yake zilikuwa zimekufa, na ndani ya kiazi kuna madini ambayo mtu asiye na figo hana njia ya kuyatoa. Yakijaa kwenye damu, moyo unasimama. Kule kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu wauguzi waliyaita madini ya ndizi, kwa sababu ndizi ndiyo waliyompigia mgonjwa marufuku kabla ya kitu kingine chochote.

"Umekitoa kiazi roho," baba yake alimwambia kila mara sahani ikiwekwa mbele yake. "Sasa unataka na mimi nikifuate."

"Kula, baba."

"Nakula. Si unaona natafuna maiti?"

Mzee huyo alikuwa amefundisha baiolojia umri wake wote wa kazi, na kama kuna kitu alichokipenda zaidi ya mkewe marehemu, basi ni utando wa seli. Ndiyo, utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli ya mwili, nyembamba kiasi kwamba jicho haliioni. Wanafunzi walimwita Mwalimu Utando, mbele yake na nyuma yake, naye akaitika. Hakuwa mtu wa kuchora ubaoni na kuondoka. Aliwatoa nje, akawapanga uwanjani safu mbili, migongo ikigusana.

"Nyuso zenu zinapenda maji," aliwaambia. "Migongo yenu inayaogopa. Nje ya seli kuna maji, ndani ya seli kuna maji. Kwa hiyo kila mmoja atazame maji yake, migongo ifichane katikati. Huo ndio utando. Hakuna saruji, hakuna msumari. Kinachowashikanisha ni kuyakimbia maji tu."

Kisha akachagua wanafunzi wengine wawe vitu vya kupita. Hewa ya oksijeni ilijipenyeza katikati ya mabega bila kubisha hodi. Chumvi hazikuweza. Zenyewe zilihitaji mlango, na mlango wenyewe haukuwa wa kuachwa wazi. Hapo ndipo alipomsimamisha binti yake katikati ya safu, alipokuwa mwanafunzi wake, mbele ya shule nzima, na mtoto wa mwalimu unajua anavyoona haya. Kazi yake ilikuwa kuwakamata sodiamu watatu walio ndani awatupe nje, kisha awakamate wawili walio nje awavute ndani. Watatu nje, wawili ndani. Kila mzunguko mmoja akapewa punje ya karanga, kwa sababu mlango ule haufanyi kazi bure, unakula. Karanga zikaisha. Binti akakunja mikono, na wanafunzi wakapita walivyotaka hadi wakachanganyikana wote.

"Tazameni," Mwalimu akasema. "Sasa seli hii imekufa. Tofauti ya ndani na nje ikiisha, na uhai umeisha."

Tangu siku hiyo binti akaitwa Mlango. Alilichukia jina hilo ujanani, akaja kulizoea, na sasa baba alipoumwa likawa halina mzaha tena. Kila kilichoingia kinywani mwa mzee kilipita mikononi mwake kwanza.

Kwenye chumba cha mashine baba alikuwa kama amerudi darasani. Wagonjwa walikaa kwenye viti vya kulala, kila mmoja na mashine yake ubavuni, damu ikitoka kwa mrija huu na kurudi kwa ule. Wengine walilala, wengine walitazama dari. Yeye alimgeukia jirani yake, dereva wa malori aliyestaafishwa na figo, akamwonyesha ile chupa ndefu ambamo damu yao ilipita.

"Humo ndani kuna nyuzi nyembamba elfu na elfu, kila uzi una tundu katikati. Damu inapita ndani ya uzi, maji ya dawa yanapita nje. Kilicho kingi kwenye damu kinavuka kwenda kwenye uchache. Huo nao ni utando. Lakini ni utando mjinga. Una matundu tu, hauna akili. Hauwezi kusema wewe pita, wewe baki."

"Wangu wa kuzaliwa ndio ulikuwa na akili?" dereva akauliza.

"Wako? Kwa bia ulizouchosha nazo, hata mimi ningeacha kazi."

Dereva alicheka hadi mashine yake ikapiga kelele na muuguzi akaja mbio kuwafokea wote wawili. Muuguzi alipoondoka, mzee akamwita binti yake aliyekuwa akipindisha mkono wa blauzi ya mteja kwenye kiti cha wageni.

"Huyu ndiye mlango wangu. Mwambie jirani, wanaotoka ni nani?"

"Sodiamu. Watatu," alisema bila kuinua macho.

"Na wanaoingia?"

"Wageni waalikwa."

Dereva akacheka tena, safari hii kwa adabu. Mzee akatikisa kichwa. "Umeshika mlango miaka yote hii, mwanangu, na hujapata kuwatazama wanaoingia."

Yeye akakata uzi kwa meno, akaendelea na blauzi. Alikuwa na mambo mengi kichwani kuliko somo la kidato, na moja kubwa lilikuwa kwamba baba yake alikuwa anakonda. Daktari alikuwa amesema chumvi ipunguzwe karibu yote, maana ilimletea kiu, kiu ikamletea maji, maji yakamjaa miguuni na kifuani. Haya, chumvi ikaondolewa. Na chumvi ilipoondoka, mzee akaacha kula. Kiazi kisicho na roho kilikuwa kimevumilika kwa chumvi kidogo. Bila chumvi kikawa adhabu. Alikigeuza geuza kwenye sahani, akala tonge moja, mawili kwa kumhurumia aliyepika, kisha akasema ameshiba. Mabega yakaanza kuonekana kama henga la nguo chini ya shati. Daktari akamwambia binti waziwazi kwamba mgonjwa asipokula hatafika mbali, mashine iwepo isiwepo.

Usimwambie mtu alishe baba yake halafu umnyang'anye chumvi. Maji yalimfika shingoni. Alijaribu ndimu, akajaribu vitunguu, akajaribu kumbembeleza, akajaribu kumgombeza, na siku moja akajaribu kulia palepale mezani. Mzee akala sahani nzima siku hiyo kwa woga, kisha akaitapika.

Kaka yake alipiga simu kutoka mji alikofanyia kazi. Kaka huyo alikuwa mtu wa ofisi, mwenye mapenzi ya mbali na amri za karibu. "Unampikiaje hata hali?" aliuliza. "Mama alikuwa anampikia anakula."

"Mama alikuwa anatia chumvi."

"Basi tafuta namna."

Akatafuta namna. Kwenye duka kubwa, rafu ya vyakula vya wagonjwa, kati ya biskuti zisizo na sukari na maziwa yasiyo na mafuta, alikiona kikopo cheupe chenye picha ya moyo mwekundu. Kimeandikwa kwa herufi kubwa: CHUMVI YA AFYA, HAINA SODIAMU. Alisimama nacho mkononi muda mrefu. Sodiamu ndiyo iliyokatazwa. Sodiamu ndiye yule mtundu aliyekuwa akimkamata uwanjani na kumtupa nje, watatu watatu. Kumbe watu wameshaitengeneza chumvi isiyo naye. Alimwuliza msichana wa duka kama inamfaa mtu anayetakiwa aache chumvi, msichana akasema wengi wenye presha wanaichukua, na hilo lilikuwa kweli. Hakumwuliza habari za figo. Hakukigeuza kikopo kusoma nyuma. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasomi maandishi madogo.

Mzee akala.

Sikwambii furaha ya nyumba ile. Alikula kiazi, akaomba kingine. Alikula yai, akala wali, akasema anaona uchungu kidogo ulimini lakini afadhali uchungu kuliko kula hewa. Ugonjwa wenyewe humtia mtu ladha ya chuma mdomoni, kwa hiyo hakuna aliyeuliza uchungu huo unatoka wapi. Mlango aliimba kwenye cherehani. Kila asubuhi aliloweka viazi, akamwaga maji, akaloweka tena, akayatoa yale madini kwa bidii ya mtu anayechota maji kwenye mtumbwi, na kila jioni akachukua kijiko akayarudisha mwenyewe. Hakujua. Ninasema hivi ili usije ukamhukumu mapema: hakujua.

Miguu ndiyo ilianza. Ilikuwa mapumziko ya mwisho wa juma, siku ambazo mashine humkosa mgonjwa kwa muda mrefu kuliko siku nyingine. Mzee alisema magoti yake yamelewa. Akakaa sebuleni akijipima mapigo ya mkono kwa kidole, amefumba macho, kama alivyozoea kuwafundisha watoto. Binti alikuwa akimalizia gauni la mteja aliyekuwa amekaa papo hapo akisubiri. Alimwona baba yake akiinuka kwa kushika ukuta, akaingia jikoni.

"Baba, unataka nini nikuletee?"

"Kijiko."

Alikawia huko. Binti alisikia kabati likifunguliwa, kisha kimya. Alipotaka kunyanyuka, mteja akamwonyesha pindo lililopinda, naye akainama kulitazama. Mzee alitoka bila kijiko. Akapita chumbani, akarudi amevaa koti lake la kufundishia, lile la kahawia lenye mifuko mikubwa ya kuwekea chaki.

"Nipeleke hospitali," alisema. "Moyo unakwenda polepole."

"Na koti, baba? Joto lote hili?"

"Kule kuna baridi. Twende, mwanangu. Taratibu, ila twende."

Jirani yao seremala aliwapakia kwenye gari lake la kubebea mbao. Mzee alikaa katikati, mkono mmoja umeshikwa na binti yake, mwingine mfukoni mwa koti. Mlango aliogopa sana. Aliulizia maumivu, akaulizia pumzi, akamwambia asilale. Mzee alimwacha aulize hadi akaishiwa.

"Sikiliza," alisema. "Majuma haya nimekula vizuri. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula ni kitamu. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba. Usijichoshe kwa kuongea."

"Umenitunza kuliko mtu yeyote. Mtu asije akakwambia vinginevyo. Hata wewe mwenyewe usijiambie."

Yeye alidhani ni maneno ya homa. Seremala alijifanya anatazama barabara tu, na machozi yalikuwa yakimtoka.

Hospitali wakamtuma binti dirishani kuandikisha, akasimama kwenye foleni ya watu wenye vidonda na vikohozi, na aliporudi hakuruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye benchi akitazama mlango wa mbao uliokuwa ukifunguka na kujifunga, ukimpitisha huyu, ukimzuia yule. Yule muuguzi wa chumba cha mashine, ambaye alikuwa ameitwa kuja kuiandaa mashine, ndiye aliyetoka mwishowe. Hakuhitaji kusema. Alikuwa amevua glavu na hakujua pa kuiweka mikono.

"Tulimchoma dawa ya kuulinda moyo," alisema. "Tukamtundikia sukari na insulini, ili yale madini yaingie kwenye seli yajifiche huko hadi mashine iwe tayari. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anamweleza daktari mwanafunzi kwa nini tunafanya hivyo. Lakini yalikuwa mengi mno. Mashine haijakamilika, moyo ukasimama."

"Mengi yametoka wapi? Nilikuwa naloweka. Kila siku nilikuwa naloweka."

Muuguzi akakaa karibu naye. "Hakutaka ujue. Alituambia alikuwa anakula ndizi kwa siri. Anamtuma mtoto wa jirani, anakula, anafukia maganda. Daktari alimwuliza mara mbili. Akasema ndizi, akatuomba tuandike hivyo hivyo. Usijilaumu, dada. Wagonjwa wote wanaiba."

Akampa mfuko wenye vitu vya marehemu: viatu, miwani, koti. Koti lilikuwa zito upande mmoja.

Alilishika tu kwa juu, akajua. Mkono ulijua kabla ya kichwa. Mfukoni, katikati ya vumbi la chaki lililokuwa limekaa humo miaka na miaka, kilikuwamo kikopo cheupe chenye moyo mwekundu. Sasa alikigeuza nyuma. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya mchwa, lakini zilisomeka: kloridi ya potasiamu, na chini yake onyo kwamba wenye ugonjwa wa figo wasitumie. Potasiamu. Wawili wanaoingia ndani. Wale aliowavuta kwa mikono yake uwanjani bila kuwatazama usoni, kwa punje ya karanga.

Majuto ni mjukuu, watu husema, huja baadaye. Yake hayakuchelewa. Alikaa kwenye benchi lile na kikopo mapajani, na akayaelewa yote ya baba yake kwa mara moja: alivyosimama jikoni akisoma nyuma ya kikopo, alivyojua kinachomuua na nani aliyekitia, na alivyovaa koti kwenye joto ili akitoe nyumbani, asije akakiona yeye. Mzee hakupata pa kukitupa. Miguu haikumfikisha hata kwenye pipa la taka.

Kaka alifika kesho yake, macho mekundu, amekasirika kama wanavyokasirika watu waliokuwa mbali. Nyumba ilijaa. Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani na kufunikwa shuka, viti vya majirani vimepangwa hadi nje. Shangazi, dada wa marehemu, alikaa karibu na dirisha na kuipokea mikono ya waliokuja. Habari ya ndizi ilikuwa imefika kabla ya jeneza. Muuguzi alimwambia seremala kwa nia njema, seremala akamwambia mkewe, na mke wa seremala siri kwake ni kama maji kwenye ungo.

"Nasikia alikuwa anafukia maganda," mtu mmoja alisema kule nje.

"Mwalimu mzima."

"Tumbo halina elimu, ndugu yangu."

Kicheko kidogo kikapita, kile kicheko cha msibani kinachojifanya kikohozi. Mlango alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe. Alisikia. Alisema moyoni kwamba hayo ndiyo aliyoyataka baba, aliyanunua mwenyewe, na kazi yake yeye ni kunyamaza. Akanyamaza. Alinyamaza pia pale kaka aliposimama katikati ya sebule, mbele ya walimu waliofundisha na marehemu na wanafunzi wake wa zamani wenye mvi, kuwashukuru waliofika.

"Baba alitufundisha sote," kaka alisema. "Lakini niseme kweli, kwa sababu nimeumia. Alikuwa na dada yangu anayemtumikia usiku na mchana. Alijua kilichokatazwa kuliko daktari. Na bado akaenda kufa kwa ajili ya ndizi. Kwa ulafi. Sijui nitawaambia nini wanangu."

Shangazi aliinamisha kichwa. Watu wakatazama sakafu.

Hapo ndipo Mlango aliposhindwa. Angeweza kuishi na kikopo kile kabatini mwake hadi kufa kwake, hilo alikuwa ameshaliamua. Lakini mtu aliyezitumia pumzi zake za mwisho ili amfiche bintiye, azikwe akiitwa mlafi na mwanawe wa kumzaa? Aliweka sinia chini. Akaenda chumbani, akarudi na kikopo, akakisimamisha mezani mbele ya kaka yake.

"Hakula ndizi," alisema.

"Nini hiki?"

"Chumvi. Niliinunua mimi. Nimekuwa nikimtilia kila siku. Ndani yake ni yale yale madini ya ndizi, matupu, kwa kijiko. Alikikuta jikoni ile siku, akakificha kwenye koti, akaenda kuwaambia hospitali ni ndizi."

Kaka alikichukua, akakigeuza. Midomo yake ilitembea kwenye zile herufi ndogo. Alisoma hadi mwisho, akaanza upya.

"Kwa nini aseme ndizi?" aliuliza, ingawa sauti yake ilikuwa imeshajibu.

"Kwa ajili yangu."

Shangazi akanyoosha mkono kumvuta akae. "Mwanangu, kama kaka yangu alitaka libaki kwake, si ungeliacha? Sasa utalibeba vipi?"

"Najua alivyotaka, shangazi. Nitalibeba. Lakini ulafi haukuwa wake, asiende nao."

Waliokuwa nje walikuwa wamesikia. Mwalimu mmoja mzee, aliyefundisha hesabu mlango wa pili na marehemu, aliinua mkono kuvua kofia aliyokuwa ameshaivua tangu alipoingia, akabaki akipapasa kichwa kitupu. Kaka alikaa chini. Alimtazama dada yake, na katika macho yale kulikuwa na huruma, na nyuma ya huruma kulikuwa na kitu kingine, na dada akakiona, na akajua kwamba kitu hicho hakitaondoka leo wala kesho. Alikuwa amekichagua mwenyewe. Wote wawili walilia, kila mmoja kwenye kiti chake.

Walimzika na koti lake. Jioni wageni waliobaki walihitaji kula, na Mlango akakataa kuondolewa jikoni. Alimenya viazi, akavikata vidogo vidogo, akavitia kwenye beseni la maji. Shangazi aliingia kuchukua kisu, akasimama kutazama.

"Unaviloweka vya nini, mwanangu? Sisi sote tuna figo zetu."

Mlango alisubiri hadi maji yakawa meupe, akayamwaga, akatia mengine.